Anasikia lakini hasikiki: uchambuzi wa kisa kimoja cha mashindano ya redio kwenye gigahezi 10

Vituo viwili vya redio za ridhaa viko umbali wa kilomita 112, vyote nje, juu ya stendi za miguu mitatu. Mashindano yameanza. Kituo A kinamsikia B vizuri kabisa, kinaandika hata namba zake za mfululizo (namba anayoipa kila mawasiliano ya mashindano) anapozitoa kwa wengine. B hamsikii A hata kwa mbali. Saa nzima inakwisha hivyo, madishi yakigeuzwa huku na huku, na mwisho wa saa hiyo hali ni mbaya kuliko ilivyoanza, kwa sababu sasa hata A hamsikii B.

Tunakichambua kisa hiki kwa urefu kwa kuwa hitilafu zilizokiunda zinajirudia karibu kila mashindano ya bendi hizi, na kwa kuwa jibu lake lilikuwa mezani tangu dakika ya kwanza. Njia ya redio haina upendeleo: upotevu wa kutoka A kwenda B ni ule ule wa kutoka B kwenda A. Vituo vyenye vifaa sawa vikisikilizana upande mmoja tu, tatizo haliko hewani wala kwenye uelekeo wa dishi. Liko ndani ya boksi la mmoja wao, au kwenye waya unaolilisha.

Vifaa

Kila kituo kina dishi la setilaiti la sentimita 60, transvata (kibadilisha masafa) inayopandisha 144 MHz hadi 10,368 MHz, kikuza nguvu cha wati 3, na redio ndogo ya kubebeka inayoingiza si zaidi ya nusu wati kwenye transvata. Mawasiliano ya kupangana yanafanyika kwa simu.

Tofauti iko kwenye chanzo cha masafa. Transvata ya B imefungwa kwenye rejea (ishara ya kulinganishia masafa) ya 10 MHz inayosahihishwa na GPS, kwa hiyo masafa inayotangaza ni ya kuaminika hadi makumi machache ya hezi. Transvata ya A ni ya mtindo wa zamani: kristali (kipande cha kwatzi kinachotoa masafa) ya 106.5 MHz inazidishwa mara 96 kupata 10,224 MHz. Jumlisha 144 unafika 10,368. Si kifaa kibaya. Ila kila kosa la kristali nalo linazidishwa mara 96, na kosa la sehemu moja kwa milioni linakuwa zaidi ya 10 kHz ukifika juu. Kipokezi cha sauti kinafungua dirisha la 2.4 kHz tu.

Betri ya A, ya risasi na asidi, ilibaki ndani ya gari. Kutoka hapo umeme ulikwenda kwenye stendi kwa waya wa mita 6 wenye unene wa milimita mraba 0.75, na waya huo huo ulilisha transvata, kikuza nguvu na redio.

Hesabu iliyopaswa kutangulia

Kwenye 10,368 MHz urefu wa wimbi ni sentimita 2.89. Dishi la sentimita 60 linakuza ishara kwa karibu desibeli 33.7 (kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu), na upana wa mwale wake ni nyuzi 3.4. Upotevu wa anga tupu kwa kilomita 112 ni desibeli 153.7, hewa yenyewe inakula takriban 1 zaidi. Wati 3 ni 34.8 dBm, yaani desibeli 34.8 juu ya miliwati moja. Ukitoa desibeli 1 ya waya wa koaksi na rilei (swichi ya kurusha na kupokea) upande wa kurusha na nusu upande wa kupokea, kipokezi kinapata kama −54 dBm. Kelele ya kipokezi kizuri, ambacho chenyewe kinaongeza desibeli 2 za kelele, ndani ya 2.4 kHz, ni −138 dBm. Akiba ni desibeli 84.

Njia hii lakini haikuwa wazi. Kilomita 30 kutoka A kuna mgongo wa mlima unaochomoza mita 60 juu ya mstari wa macho, na kupinda juu ya kizuizi kama hicho kunagharimu karibu desibeli 24. Inabaki akiba ya 60. Hiyo bado ni ishara ya kishindo, ya kumfanya mtu apunguze sauti.

A alikuwa akimsikia B juu ya kelele kwa takriban desibeli 20 tu. Waendeshaji waliridhika kwa sababu B alisikika wazi na alieleweka. Hapa ndipo hesabu inapolipa: desibeli 40 zilikuwa zimepotea na hakuna aliyezitafuta. Sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya ishara haikusaidia, kwa kuwa transvata huongeza ukuzaji wake kabla ya ishara kufika kwenye redio na hivyo sindano inasoma juu kuliko ukweli. Kipimo cha maana ni tofauti kati ya ishara na kelele, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na karatasi.

Saa iliyopotea

B alitangaza kwa simu kuwa anarusha 10,368.150. A alimpata 10,368.151, akamwita hapo hapo kwa sauti. Kimya. Akabadili na kutumia Morse, ambayo kwenye kichujio cha hezi 500 inampa msikilizaji karibu desibeli 7 zaidi. Kimya tena.

Uamuzi uliofuata ndio uliogharimu. B alidhani dishi lake halijamwelekea A, akaanza kulizungusha taratibu kushoto na kulia. Lakini A alikuwa akimsikia B! Dishi linalorusha kuelekea A ndilo hilo hilo linalopokea kutoka A, kwa mwale ule ule. Kama lilitosha kupeleka ishara desibeli 20 juu ya kelele, lilitosha kuleta ishara ya kiwango hicho. B aliharibu kitu kimoja ambacho kilikuwa kimeshathibitishwa, na baada ya mizunguko michache hakuweza kulirudisha mahali pake kwa sababu hakuwa ameweka alama.

Tazama ukubwa wa utafutaji waliouingia. Mwale wa nyuzi 3.4 unagawa duara katika sehemu 106 hivi. Masafa yasiyojulikana ndani ya ±20 kHz ni madirisha 17 ya 2.4 kHz. Ukiwa hujui vyote viwili, unatafuta miongoni mwa jozi zaidi ya 1,700. Ukikijua kimoja kwa uhakika, kazi inashuka hadi 106, au 17. Ndiyo sababu tunasisitiza kila mara: shika kimoja, tafuta kingine, na usiguse vyote viwili kwa pamoja hata kama muda unakimbia.

Upande wa A nao walidhani kikuza nguvu kimekufa. Walitazama ampea: zilipanda kutoka 1.2 hadi 5 kila walipobonyeza kitufe cha kurusha, wakahitimisha ni kizima. Hitimisho lilikuwa sahihi, ila kwa ushahidi dhaifu. Vikuza vingi vya bendi hii hufanya kazi kwa mtindo wa ukuzaji uitwao daraja A, na hunywa umeme karibu ule ule hata visipopewa ishara yoyote ya kukuza. Ampea hazithibitishi kwamba kuna kitu kinachotoka kwenye honi, yaani mdomo wa kurushia ulio mbele ya dishi.

Walichohitaji ni sikio la pili. LNB ya kawaida ya televisheni ya setilaiti (kile kipokezi kidogo kinachokaa mbele ya dishi), ile ambayo osileta yake ya ndani, yaani kizalisha masafa, ni 9.75 GHz, inashusha 10,368 MHz hadi 618 MHz, na hapo kipokezi kidogo cha USB kilichochomekwa kwenye kompyuta kinaonyesha ishara kama mstari unaoteremka kwenye skrini. Iweke mita kadhaa pembeni ya dishi, si mbele yake. Chagua LNB yenye PLL, sakiti inayoshikilia masafa yasihame. Zile za zamani zinatangatanga mno. Ukibonyeza kitufe unaona papo hapo kama unarusha, na kama mstari umenyooka au unateleza.

Ilivyopatikana

Hatimaye A alitoa maelekezo ya busara: B arudishe dishi hadi asikike tena, alifunge, aweke alama, kisha asiliguse. A naye angebonyeza kitufe cha Morse mfululizo kwa sekunde 20, anyamaze 10, arudie. B angezungusha kitufe cha masafa tu, hatua kwa hatua, 20 kHz chini na 20 kHz juu.

B alimkuta A kwenye 10,368.142, karibu 9 kHz chini ya 10,368.151 aliyodhani A. Toni ilikuwa kali, juu ya kelele kwa kiasi kile kile ambacho A alimsikia B, kama njia isiyo na upendeleo inavyodai. Na ilikuwa inateleza: inaanza juu kidogo mara kitufe kinapobonyezwa, kisha inashuka kwa sekunde kadhaa.

Mteremko huo ndio dalili. Kristali ambayo iko pembeni tu ya masafa yake inakosea sawasawa kupokea na kurusha. Hii ilikuwa sahihi hadi 1 kHz wakati wa kupokea na kukosea 9 kHz wakati wa kurusha. Kitu kilichobadilika kati ya hali hizo mbili ni mzigo kwenye betri.

Mita iliwekwa kwenye maungio ya umeme ya transvata yenyewe (si kwenye betri, ambako kila kitu kinaonekana salama). Kupokea: volti 12.2. Kurusha: 10.9. Hesabu inakubali. Waya wa shaba wa mita 6, kwenda na kurudi mita 12, kwa unene wa 0.75 una ukinzani wa omu 0.275. Ampea 5 zikipita zinaacha volti 1.4 njiani, ampea 1.2 zinaacha 0.33 tu.

Osileta ya A inalishwa kupitia rejuleta (kidhibiti volti) ya volti 9 aina ya 7809. Rejuleta ya familia hiyo inahitaji takriban volti 2 juu ya inachotoa, yaani kama 11. Ikipewa 10.9, na betri ikiendelea kulegea kadiri kitufe kinavyoshikiliwa, pato lake linaanza kufuata betri badala ya kubaki 9. Kristali ikaishia hezi 94 tu chini ya 106.5 MHz yake. Zidisha mara 96: 9 kHz.

Tiba ya hapo mlimani ilikuwa kuitoa betri garini na kuiweka chini ya stendi, waya wa mita 1.5 wenye milimita mraba 4. Volti wakati wa kurusha zikapanda juu ya 12, na toni ikanyooka. Kwa kudumu, betri ya litiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo volti yake ya kawaida ni 12.8 na haishuki sana hadi inapokaribia kuisha, ni chaguo bora zaidi. Betri inayokaa miguuni pa stendi pia inaizuia isipeperushwe, faida isiyo ndogo dishi linapokamata upepo.

Desibeli 40 zilizosalia

Walikuwa wanasikilizana sasa, na wengi wangeandika mawasiliano na kuendelea. Waliyaandika, na walifanya vyema: mawasiliano yaliyopatikana huandikwa kwanza. Lakini dishi lenye kosa hili lingewanyima vituo vyote dhaifu vya siku hiyo, kwa hiyo likachunguzwa.

Uelekeo wa A ulipimwa kwa dira iliyowekwa juu ya boneti ya gari. Chuma cha gari kinavuta sindano, stendi ya chuma inavuta pia, na juu ya hayo mchepuko wa sumaku wa mahali hapo (tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli) haukujumlishwa. Pamoja na hayo, uelekeo wenyewe ulikokotolewa kutoka alama ya gridi ya Maidenhead yenye herufi na tarakimu sita. Alama hiyo inataja mstatili wa dakika 5 za longitudo kwa dakika 2.5 za latitudo. Karibu na ikweta ni kilomita 9.3 kwa 4.6. Mtu aliye ukingoni mwa mstatili anaweza kuwa kilomita 4.6 kutoka katikati yake, na kwa umbali wa kilomita 112 hiyo ni nyuzi 2.4, zaidi ya nusu ya upana wa mwale. Kwa kituo kilicho kilomita 20, kosa hilo hilo linafika nyuzi 13. Kwenye daftari la mashindano alama sita zinatosha; kwa kulenga dishi ombeni nane, au namba kamili za GPS.

Jumla ya makosa ya A ilikuwa nyuzi 6. Kwa kawaida ungetarajia kutosikia kitu, lakini dishi lina miale midogo ya pembeni, desibeli 20 hadi 25 chini ya mwale mkuu, na A alikuwa amempata B kwa mmoja wao. Mwale wa pembeni unadanganya vibaya: una kilele chake, ukisogeza dishi kidogo kila upande ishara inashuka, na mtu anafunga skrubu akiamini amefika. Kinga ni kupita. Ukipata kilele, endelea nyuzi 10 upande mmoja, rudi, endelea 10 upande wa pili. Mwale mkuu unajitambulisha kwa kuwa na vilele vidogo pande zote mbili.

Uelekeo wa kweli ulipatikana kwa jua, lililokuwa limeshuka. Timazi ilining'inizwa juu ya sahani ya nyuzi 360 iliyofungwa kichwani mwa stendi, na stendi ikasawazishwa kwa pimamaji. Programu yoyote ya falaki inatoa uelekeo wa jua kwa saa ya UTC na mahali ulipo, kuanzia kaskazini ya kweli, bila sumaku kuingia. Kivuli cha uzi kinaangukia uelekeo huo ukijumlisha 180. Sahani inazungushwa hadi namba ilingane na kivuli, kisha inafungwa. Usijaribu jua likiwa karibu na utosi: kivuli kinakuwa kifupi na uelekeo wake unabadilika haraka mno.

Kwa wima hapakuwa na kosa, lakini wanaoanza wajue kuwa dishi la setilaiti lenye honi iliyosogezwa pembeni halitazami mbele ya uso wake. Likisimama wima kabisa, mwale wake unaelekea angani kwa nyuzi 20 na zaidi. Ili kulenga upeo wa macho lazima uso uiname kama unaotazama ardhi. Wekeni alama ya rangi kwenye bawaba mkiwa nyumbani.

Mwale ulipolengwa vizuri zilirudi desibeli 25 hivi. Zilizosalia zilikuwa kwenye mti. Mita 200 mbele ya A kulikuwa na kilele cha mti kilichoonekana kugusa mstari kwa pembeni tu, na majani yake yalikuwa na maji. Lakini kwa umbali huo eneo la kwanza la Fresnel (nafasi inayozunguka mstari wa macho ambayo wimbi linahitaji iwe wazi) lina nusu kipenyo cha mita 2.4, kwa hiyo mti usioziba macho bado unaziba wimbi. Stendi ilihamishwa mita 4 kando, mti ukawa nje ya eneo hilo, na ishara ya B ikafika karibu desibeli 57 juu ya kelele. Karatasi ilisema 60. Hakuna cha kutafuta zaidi.

Kabla ya saa ya kwanza

Ukaguzi ambao ungelizuia hili unachukua kama robo saa. Elekeza dishi kwenye anga tupu, kisha ardhini au kwenye mlima wa karibu: kwa kipokezi cha desibeli 2, kelele inapaswa kupanda kama desibeli 3. Isipopanda, kipokezi kina tatizo na kulenga hakutasaidia. Lielekeze kwenye jua, tarajia kama 2. Kisha tafuta bikoni (kituo kinachorusha ishara mfululizo kwa ajili ya majaribio) ambayo masafa na mahali pake vinajulikana, usawazishe masafa na sahani ya nyuzi kwa pamoja. Bikoni lakini inakagua upande wa kupokea tu. Kisa cha A ni ushahidi. Upande wa kurusha unahitaji mita kwenye transvata huku kitufe kimebonyezwa kwa sekunde 30, na LNB ya pembeni kutazama kama mstari unasimama imara. Hakikisheni pia honi zote zimefungwa kwa mlalo, kama desturi ya bendi hii. Moja ikiwa wima, zaidi ya desibeli 20 zinapotea. Mtu yeyote asisimame mbele ya dishi linaporusha.

Simu itumike kupangana tu. Kitambulisho, ripoti, namba ya mfululizo na alama ya gridi lazima vipite kwenye bendi yenyewe pande zote mbili. Kituo kinachovipata kwa simu hakijafanya mawasiliano.

Mchana ule ule wingu la mvua lilisimama kusini mwa vituo vyote viwili. Kwenye 10 GHz matone ya mvua hutawanya wimbi, na vituo visivyoonana vinaweza kulenga wingu moja na kusikilizana kupitia hapo, sauti ikiwa imekwaruzwa hivi kwamba Morse ndiyo inayosomeka. A alipata vituo viwili kwa njia hiyo, vyote kwa kuwa sahani yake ya nyuzi ilikuwa ya kweli na aliweza kuambiana namba na wenzake. Kristali ya 106.5 bado ilimsumbua joto lilipopanda, 2 au 3 kHz kwa saa, hata baada ya transvata kufunikwa kitambaa cheupe. Mashindano yanayofuata kituo A kinakwenda na osileta yenye rejea ya 10 MHz iliyowekwa kwenye tanuri dogo. Kwa kosa la sehemu 0.1 kwa milioni itabaki ndani ya takriban 1 kHz, na dirisha la B litaitosha.